Dereva Mzee: Nani Ampime, na Ampime Nini?

  Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: dereva, leseni, jicho, breki. Wanaoweza kuyasoma wayasome kwa sauti. Wasioweza bado wayatazame tu, tutayarudia mara nyingi.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya watemi. Ni historia ya swali moja. Mtu aliyeendesha gari miaka mingi, sasa amezeeka: tutajuaje kama bado anafaa kushika usukani?

Tumfikirie mzee mmoja. Jina hatumpi, maana najua kila mmoja wenu atampa jina la mtu anayemfahamu. Alizaliwa mwaka 1948. Fanyeni hesabu wenyewe mjue ana miaka mingapi. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 20, alipata kazi ya utaniboi katika lori la pamba. Huo ndio mwaka ambao chama kikubwa cha ushirika cha Usukuma, Victoria Federation of Co-operative Unions, kilivunjwa na kazi zake zikashikwa na Nyanza Co-operative Union. Chama kile kilianza mwaka 1955, na Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa kwanza. Kijana wetu hakuyajua sana mambo ya vyama. Yeye alijua kupakia magunia, kumwaga maji kwenye rejeta, na kuwahi kuweka jiwe nyuma ya gurudumu lori linapokataa kupanda mlima. Baadaye, barabara ikiwa tupu, dereva wake alimwachia usukani. Hivyo ndivyo wengi walivyojifunza zamani, kwa kutazama miguu ya mtu mwingine.

Aliendesha lori wakati wa masika katika udongo wetu mweusi wa mbugani, ule unaomeza gari mpaka ekseli. Leo ana pikapu yake mwenyewe. Siku ya mnada hupakia mizigo, na watu juu ya mizigo. Hajapata ajali hata moja, naye hulisema jambo hilo kila anapopata nafasi. Lakini juzi alimpita mpwa wake aliyesimama kando ya barabara, upande wa kushoto, akimpungia mkono. Alimpita karibu kabisa, wala hakumwona. Jioni hulalamika kwamba taa za magari ya siku hizi ni kali mno. Na nguzo moja ya lango la nyumbani kwake imepinda, wala hakuna anayeuliza imepindaje.

Nani atamwambia? Mkewe ananyamaza. Mwanawe mkubwa anaona haya, maana yeye mwenyewe alifundishwa kuendesha na baba huyo huyo. Wajukuu wanamwita Guku na wanagombania kukaa naye mbele. Na barabara si ile ya zamani. Lami sasa inatoka Lamadi hadi Bariadi, na kwenye lami watu hukimbia. Basi mweke mzee huyo akilini, tutamrudia.

Gari lenyewe bado ni jambo geni duniani. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani mmoja aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari ili avuke Afrika kutoka bahari hadi bahari. Alifika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Safari moja, karibu miaka miwili! Siku hizo hakuna aliyeuliza kama dereva ni mzee. Watu walishangaa tu kwamba gari linakwenda.

Huko Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za barabarani zilipata mfano, leseni zilianza kwa sheria ya mwaka 1903. Lakini leseni ile ilikuwa kama stakabadhi ya kodi. Ulilipa, ukapewa. Hakuna aliyekutazama unavyoendesha. Mtihani wa udereva ulianza kuwa lazima mwaka 1935, na ndani yake mlikuwa na jambo dogo la kupima macho: usome namba ya gari lililosimama mbali. Leo umbali huo ni mita 20. Lishikeni jambo hilo, maana baadaye tutatoka nje kulifanya.

Sasa tazameni. Mtihani ule ulimpima kijana siku ya kwanza. Akifaulu, amefaulu. Wazee walikuwa wachache mno barabarani hata serikali isiwafikirie. Na kwetu vivyo hivyo. Wakati wa Uhuru, mtoto aliyezaliwa Tanganyika alitazamiwa kuishi chini ya miaka 50. Hesabu hiyo ilishushwa sana na vifo vya watoto wachanga, lakini hata hivyo dereva mwenye miaka 75 alikuwa kitu cha kutafuta kwa taa. Watu waliojifunza gari wakiwa vijana katika miaka ile ndio kizazi cha kwanza cha madereva wengi kuzeeka katika nchi yetu. Hatukuwa na mababu waliotuachia desturi ya kuwaambia madereva wazee neno lolote. Kwa ng'ombe tunazo desturi, kwa mashamba tunazo. Kwa usukani hatuna.

Sikilizeni kisa kimoja cha kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa Dar es Salaam, aliyekuja kumwakilisha Malkia alikuwa mumewe, Prince Philip. Alikuwa na miaka 40, mtu mwenye nguvu zake. Miaka ikapita. Tarehe 17 Januari 2019 mtu huyo huyo, sasa ana miaka 97, alikuwa akiendesha Land Rover karibu na nyumba yao ya Sandringham. Aliingia barabara kubwa, akagongana na gari dogo. Land Rover ikapinduka. Yeye hakuumia sana. Katika gari lile dogo walikuwamo wanawake wawili na mtoto wa miezi tisa. Mwanamke mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Mtoto, kwa bahati, hakudhurika. Baadaye Prince Philip aliandika barua ya kuomba radhi, akisema jua lilikuwa chini na lilimpiga machoni. Tarehe 9 Februari mwaka ule ule alirudisha leseni yake kwa hiari.

Kwa nini nimewaletea kisa cha mtu mkubwa namna hii? Kwa sababu nchi ile ina sheria, ina madaktari, ina polisi wengi. Kwa sheria yao, leseni humfikisha mtu miaka 70, kisha huhuishwa kila miaka 3. Lakini anayesema kwamba macho yake ni mazima ni dereva mwenyewe, kwa kujaza karatasi. Hakuna anayetoka naye barabarani. Ikiwa hata huko ilibidi gari lipinduke kwanza ndipo neno lisemwe, basi msione haya kwamba Ngulyati neno hilo ni gumu.

Jua lile la chini linatufikisha kwenye jicho. Jua humtia kiwi kijana pia. Tofauti ni muda. Jicho la mzee huchelewa kurudi katika hali yake baada ya mwanga mkali. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde moja linapita karibu mita 17. Sekunde mbili za kiwi ni mita 34, na katika mita 34 wanaweza kuwapo ng'ombe, mtoto, na mama mwenye ndoo kichwani. Tena, mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho lake kama theluthi moja tu ya mwanga aupatao kijana wa miaka 20. Kwa hiyo mzee wetu akisema taa za siku hizi ni kali, hasemi uongo, na akisema usiku umekuwa mweusi zaidi, vilevile hasemi uongo. Kilichobadilika zaidi ni jicho.

Kuna maradhi mawili mnayopaswa kuyajua. La kwanza ni mtoto wa jicho, yaani ukungu mweupe unaofunika mboni. Huja polepole, na hutibika kwa upasuaji. La pili ni presha ya macho. Hilo ni la hila. Huanza kula pembeni mwa macho, likaacha katikati pazima. Mtu anaweza kusoma barua vizuri kabisa, lakini asimwone mpwa wake aliyesimama kushoto. Wala hajui kwamba haoni, maana pembeni hapawi peusi; panapotea tu.

Hapa ndipo watu wengi walipokosea zamani, hata wataalamu. Walidhani kumpima dereva ni kumwonyesha herufi ukutani. Herufi hizo zilitungwa na daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862, na hadi leo ziko katika hospitali zetu. Katika miaka ya 1960, huko California, Marekani, mtafiti aitwaye Albert Burg alipima macho ya madereva zaidi ya 17,000, akalinganisha na ajali zao. Alikuta kwamba kusoma herufi ukutani kunaeleza kidogo sana nani atapata ajali. Baadaye, Karlene Ball na Cynthia Owsley wa Alabama walitengeneza kipimo cha namna nyingine. Mtu anatazama kitu katikati, huku kitu cha pili kinaonyeshwa pembeni kwa kufumba na kufumbua. Je, amekiona? Kipimo hicho kiliwatambua wenye hatari vizuri zaidi. Kwa lugha ya hapa nyumbani: kuona ndama aliyesimama hakutoshi. Lazima uone ndama anayetoka kichakani wakati unamtazama mwingine.

Sasa tushuke kutoka jichoni mpaka mguuni. Tarehe 16 Julai 2003, katika mji wa Santa Monica huko Marekani, mzee wa miaka 86 aliingia kwa gari katika soko la wakulima, saa za watu kununua mboga na matunda. Watu 10 walikufa, na zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Mahakamani watetezi wake walisema alikanyaga mafuta akidhani anakanyaga breki. Mwaka 2006 alitiwa hatiani. Fikirini mnada mnaoujua, mahali pale wanapouza nguo chini, halafu fikirini gari likiingia katikati.

Niseme neno kidogo hapa, ingawa si mtaalamu wa magari. Lori la zamani lilikuwa na klachi. Dereva akichanganya miguu, mara nyingi injini ilizimika yenyewe, na gari likasimama kwa aibu. Gari la siku hizi lisilo na klachi halina aibu hiyo. Ukilikanyaga vibaya linatii. Mzee aliyezoea lori miaka 40, akinunuliwa na wanawe gari la namna hiyo kwa kumheshimu, amepewa chombo kigeni katika umri usiopenda mambo mapya. Nia ni njema, lakini siku za kwanza mtu akae naye mahali penye uwanja.

Magari hayo mengi hutoka Japani, na Japani ndiyo nchi iliyoshughulika na swali letu kuliko nyingi, kwa kuwa wazee wake ni wengi mno. Mwaka 1997 walianza kuwapa madereva wazee alama ya kubandika kwenye gari, mfano wa jani lililokauka la rangi ya chungwa na njano. Wazee wengine hawakupenda kuitwa majani makavu, nani angependa? Mwaka 2011 ikaletwa alama nyingine ya majani manne. Mwaka 1998 walianza kuwafundisha tena wazee kabla ya kuwahuishia leseni, na wakaruhusu mtu kuirudisha leseni kwa hiari. Kuanzia mwaka 2009, mwenye miaka 75 na zaidi alipimwa kumbukumbu: leo ni tarehe gani, chora saa, taja picha ulizoonyeshwa punde hivi.

Hata hivyo, mwezi wa Aprili 2019, mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo, mzee wa miaka 87 aliwagonga watu kadhaa, na mama na mwanawe wa miaka 3 wakafa. Yeye alishikilia kwamba gari ndilo lililoharibika. Mahakama haikukubali, na mwaka 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 5. Baada ya kisa hicho wazee wengi wa Japani walirudisha leseni, na tangu mwaka 2022 mwenye miaka 75 aliyewahi kufanya makosa fulani ya barabarani hupimwa kwa kuendesha gari lenyewe. Imewachukua miaka 25 kutoka kubandika jani hadi kumtazama mtu akiendesha. Mimi nadhani wangeanza na hilo la mwisho.

Labda mwanakisomo mmoja anasema moyoni: basi sheria ikataze wote wakifika miaka 70, yaishe. Hapana, ndugu yangu. Popote palipopimwa, vijana wapya ndio wanaogonga zaidi. Ajali hupungua mtu akikomaa, kisha huanza kupanda tena baada ya miaka 70 hivi. Na sehemu ya kupanda huko ni kwa sababu mwili wa mzee hauhimili: pigo linalomwacha kijana na jeraha linamuua mzee. Nchini Australia jimbo la New South Wales liliwapima wazee kwa umri wao, na jirani yake Victoria halikufanya hivyo. Watafiti walipolinganisha, hawakuona kwamba wazee wa Victoria wanagonga zaidi.

Denmark ilipata funzo chungu zaidi. Mwaka 2006 walianza kuwapima akili madereva wazee. Miaka ikapita, wakakuta vifo vya wazee ndani ya magari havikupungua, lakini vifo vya wazee waendao kwa miguu na kwa baiskeli viliongezeka. Waliogopa kipimo, wakaacha gari, wakagongwa wakiwa pembeni. Mwaka 2017 vipimo vya lazima kwa ajili ya umri viliondolewa. Sasa geuzeni kisa hicho kije Ngulyati. Mkimnyang'anya mzee ufunguo, kesho atakwenda kliniki Bariadi kwa njia gani? Atapanda pikipiki nyuma ya kijana aliyejifunza mwezi uliopita. Mmemtoa kwenye hatari moja mkampakia kwenye nyingine.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka umri wa kuanza kuendesha gari kuwa miaka 18. Leseni ilihuishwa kila miaka 3, na mwaka 2019 muda huo ukaongezwa ukawa miaka 5. Mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humwita mtu mzee kuanzia umri huo huo. Kwa hiyo dereva wa serikali anakabidhi gari la ofisi akiwa na miaka 60, anaagwa kwa hotuba na zawadi, kisha Jumatatu anaanza kuendesha pikapu yake na watu 12 nyuma. Miaka 5 kwa kijana si kitu. Kwa mtu wa miaka 75, ndani ya miaka 5 mtoto wa jicho anaweza kuota, kukua na kuziba kabisa. Nionavyo mimi, baada ya miaka 70 macho yatazamwe kila mwaka, na mtu mwingine akae kando ya dereva nusu saa, amtazame shingo, mguu na utulivu wake penye njia panda. Siku ya kuzaliwa peke yake isimhukumu mtu.

Turudi sasa kwa mzee wetu wa mwaka 1948. Mwanawe asimwambie, "Baba, umezeeka." Hapo somo limekwisha kabla halijaanza. Amtafute mtu wa rika la baba, ikiwezekana aliyekuwa naye kwenye malori ya pamba. Huyo anaweza kusema, "Ndugu yangu, twende wote tukapimwe macho." Wote wawili, si mmoja. Akikutwa na mtoto wa jicho, habari ni njema. Mwaka 2002 Owsley na wenzake walionyesha kwamba wazee waliopasuliwa mtoto wa jicho walipata ajali kama nusu ya wale wasiopasuliwa. Akikutwa na presha ya macho, pembeni palipokwisha kupotea hapatarudi, lakini dawa huzuia pasipotee zaidi, na daktari atamwambia wazi kama usukani bado unamfaa. Pengine ataambiwa aache usiku tu. Pengine aache lami na minada, abaki na njia ya shambani. Pengine ufunguo upite kwa mwanawe, naye mzee akae mbele, mahali pake pa heshima, akimwonya juu ya mashimo.

Wala asiogope kwamba hajui kusoma. Hospitali wanayo herufi E iliyogeuzwa huku na huku, juu, chini, kulia, kushoto. Mgonjwa huonyesha kwa vidole tu miguu ya E imeelekea wapi.

Sasa kazi ya darasa. Kabla giza halijaingia, tokeni nje pamoja na mwalimu. Tafuteni gari lililosimama, na pimeni mita 20 kutoka kwenye namba yake, kwa kamba au kwa hatua ndefu 20. Namba zetu za magari ya watu huanza na T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Kila mmoja asimame pale asome, mwenye miwani avae miwani yake. Wanaojua tarakimu peke yake wasome tarakimu. Kisha fanyeni kipimo cha pili: mtu atazame T bila kugeuza macho, na mwenzake asimame pembeni, kwanza kushoto halafu kulia, ainue vidole. Vingapi? Mwalimu aandike majina ya wasioona vidole, wazee kwa vijana, na awaelekeze hospitalini wiki hii.

Ijumaa, saa kama hii, tutaendelea na watoto na baiskeli. Kwaherini.